Maswali Manne

Nesi Salhiya ana karatasi ya visanduku vinne
na kalamu aliyoifunga uzi shingoni isipotee.
Anauliza bila kuniangalia, nadhani kwa heshima:
Wakohoa? Una homa? Watoka jasho usiku?
Umepungua?

Buibui langu lingejibu lenyewe
lau lingekuwa na mdomo.
Harusi ya Mgeni lilinibana kifuani,
leo nimejizungushia mara mbili na bado lapepea.

Wete, Jumatatu, siku yetu.
Tunakaa benchi la nyuma, upande wa mapipa,
kila mmoja mtandio mpaka puani,
tunajuana sote na hatuamkiani.

Miaka sita nimemeza dawa zangu
saa tatu usiku, ikisha taarifa ya habari.
Nazificha kwenye kopo la hiliki, chini ya hiliki zenyewe,
hata siri yangu ikanukia chai ya wageni.

Kisha ukaja msimu.
Mikarafuu mwaka ule ilizaa mpaka matawi yakapasuka.
Nikaenda kambini.
Wanawake kumi na mmoja, chumba kimoja,
magunia mpaka darini, vumbi la makonyo kooni,
na kidirisha kimoja, nacho kimezibwa gunia
kwa kuwa Bi Hadia aogopa baridi ya alfajiri,
na wezi, na popobawa.

Kopo sikulichukua.
Ningelifungua vipi mbele ya macho ishirini?
Siku arobaini.
Nilihesabu pishi, siku sikuzihesabu.
Na wale askari wa damu niliowalisha miaka sita
wakaweka silaha chini, mmoja mmoja,
bila kuniaga.

Narudi, namkuta shemeji yangu Faki
katoka Chuo cha Mafunzo.
Ndivyo tuiitavyo jela huku kwetu, kwa adabu.
Miaka miwili na nusu, kwa magendo ya gunia tatu.
Tukamtania: haya, umehitimu nini?
Akacheka.
Kicheko kikageuka kikohozi,
kikohozi kikakaa kitako, hakikuondoka tena.

Tulimtandikia ubavuni mwa mlango wangu.
Sigara yake ikiwaka gizani najua yu macho,
ikizimika nasikia kifua.
Mama mkwe akasema: kifua cha ukoo hicho, hata babu yake.
Jirani akasema: kuna mkono wa mtu.
Mie nikatenga kikombe chake,
nikakichemsha kila asubuhi na kijiko chake,
nikajiona mjuzi.
Nani awezaye kuchemsha hewa?

Na tulikuwa tunakula nini?
Muhogo mchana, muhogo usiku,
dagaa Ijumaa kama pesa imeonekana.
Vidonge vya kinga nilipewa, vya miezi sita.
Nilivimeza mwezi mmoja juu ya tumbo tupu,
vikanigeuza roho, nikaviacha.
Hili nalo sikumwambia mtu.

"Wakohoa tangu lini?"
Wiki mbili, nasema.
(Tano.)
Anatia alama. Kisanduku, kisanduku, kisanduku.
Kisha anaiacha kalamu ining'inie kwenye uzi wake,
ananitazama:
"Nyumbani, Time, dirisha lenu lafunguka?"

Swali hilo halimo karatasini.
Wallahi, sijui lilinigusa wapi.
Nilimwambia yote: gunia, popobawa, kopo, muhogo,
wiki tano, siku arobaini,
mpaka uji ninaomlazimisha Faki anywe.
Hakuniambia "kwa nini".
Alisema tu, "Uji mpe, na kikombe msishindane nacho.
Ni hewa. Fungueni."

Akanipa kikopo chenye kifuniko chekundu.
"Kakohoe nje, kwenye upepo. Usiende chooni.
Toa kutoka chini kabisa."

Nikasimama. Nikafika mlangoni. Nikarudi.

Nipe na cha pili.
"Cha nani?"
Andika, nikamwambia: Faki Shaame Khatibu.
Mhitimu.