Boksi la Nne

Februari, Winnipeg. Nje ni thelathini chini ya sifuri,
na ndani, juu ya duka la Orest fundi viatu,
meza yangu sijaiona tangu Septemba.
Najua ipo kwa sababu kikombe hakijaanguka.

Watu huniletea barua zenye nembo ya serikali,
wamezishika kwa vidole viwili, kama kitu kinachouma.
"Dada, hii inasema nini?"
Nami nasema, iache hapo.
Hapo: neno hilo ndilo lililojenga mlima huu.
Hapo juu ya printa, hapo kwenye kiti cha mgeni
(wageni siku hizi husimama),
hapo dirishani, ambapo fomu ya kodi
imeganda, imeshikana na kioo.
Haba na haba, walisema.
Hawakusema kibaba kikijaa umwage wapi.

Leo Jumapili. Nimefunga mlango, nimezima simu.
Orest amenipa maboksi matatu ya buti, namba kumi na moja,
bado yananukia ngozi na gundi.
Nimeyaandika kwa kalamu nene: LEO. KESHO. LINI?
Saa ya kuokea mikate nimeitega dakika ishirini na tano,
inagongagonga kama mdudu aliyemeza msumari.
Na kwa kuwa sheria isiyo na vina huwa siikumbuki,
nimebandika hii ukutani:

*Ukishika karatasi, iulize ina nini,*
*usiiweke upesi, ikalala mafichoni,*
*jibu lake ni jepesi: leo, kesho, au lini?*
*Isiyojua nafasi, itupe mle pipani.*

Inafanya kazi. Nakiri nimeshangaa.
Risiti za mafuta ya gari nililokwisha kuuza: pipani.
Kalenda tatu za mwaka mmoja, zote tupu: pipani.
Barua ya daktari wa meno: Kesho,
yaani Jumatatu, si ile kesho yangu ya zamani.
Saa inalia, nanyoosha mgongo, naitega tena.
Kufika saa saba mchana pembe ya meza imejitokeza,
mbao ya rangi ya asali, ina mkwaruzo nisioukumbuka.
Nikaipapasa kwa haya, kama kichwa cha mtoto wa watu.

Halafu bahasha ya kahawia,
chini ya mto wa kiti changu mwenyewe.
Ndani, picha mbili za Bwana Byamungu,
uso umekazwa, tai ya kuazima,
na fomu ya kumwita mkewe, imejazwa yote,
mwandiko wangu, tarehe tisa Oktoba.
Haikutumwa.
Alikuja mara tatu kuuliza. Mara tatu,
nikiwa nimeikalia, nilimjibu:
"Serikali ni wazito, mzee. Subira."

Nikaisoma sheria yangu ukutani. Haina mstari wa hili.
Leo yake ilikuwa Oktoba. Kesho ni matusi.
Lini? Hilo ndilo aliloniuliza yeye.
Saa ikalia. Sikuitega.

Nikashuka kwa Orest, asiyejua Jumapili ni nini,
nikaomba boksi jingine.
"Limebaki la viatu vya mtoto tu."
Nikasema litatosha. Halikutosha.
Nikaandika: SAMAHANI.

Nikawasha simu. Ikaita sana.
Nikamwambia yote, bila kuitaja serikali.
Kimya. Nikasikia televisheni yake,
mpira wa magongo wa barafuni, mtu kafunga.
"Picha hizo," akasema mwishowe, "sikuwa na ndevu.
Sasa ninazo. Hazitafaa."
"Nitalipia nyingine."
"Utalipia. Na fomu utaipeleka kwa miguu yako,
nami nitakuwa nyuma yako, naangalia."

Jumatatu, pumzi zetu zikitutangulia kama moshi,
tunashuka mtaa wa Sherbrook, hatuzungumzi.
Theluji inalia chini ya viatu vyake, kisha vyangu.
Ofisini meza ina pembe moja safi,
boksi dogo limeshapasuka ubavu,
na chini ya mlango, bila shaka,
posta imeshapita.