Ramani Juu ya Jiwe

Projekta tuliazimwa na afisa elimu kata,
siku moja tu, irudi kabla ya saa kumi.
Nikaziba madirisha kwa kanga, Kidato cha Pili B,
wanafunzi sabini na wawili na joto la Igogo,
na picha ya kwanza ikaganda ukutani:
wapagazi wa pamba, enzi za Mwingereza,
marobota mabegani, macho yametukodolea.

"Tazameni," nikasema. "Msiandike kitu."
Kimya. Kisha Limbu, wa dawati la nyuma,
yule asiyewahi kunyoosha mkono:
"Mwalimu, wanamtazama nani?"

Miaka kumi na minne nafundisha mada hii.
Tarehe ninazo, bei ya ratili ninayo.
Aliyeshika kamera sikuwahi kumwona.

Nikawasha ile jongefu:
ziwa kutoka angani, mwaka juu ya mwaka,
magugu maji yakijikunjua toka mwaloni
kama jamvi kwenye nyumba yenye msiba.
Sekunde tisa.
Umeme ukakatika.

Basi tukatoka nje. Nyuma ya choo cha walimu
liko jiwe, kubwa kuliko ofisi ya mkuu,
nililolichora likizo ya Desemba kwa rangi za makombo,
mafundi walipomaliza kupaka madarasa.
Buluu haikutosha;
Ghuba ya Speke ni ya kijani hadi leo.
Ukerewe niliiweka penye nundu ya jiwe lenyewe
ili kiganja kikipita kihisi kisiwa.

"Hii haisogei," akanung'unika Kabula.
Hajafunga mdomo, mjusi akachomoza
kwenye ufa wa Mwanza, kichwa chekundu, mkia wa samawati,
akapiga pushapu mbili, akayakata maji,
Ukerewe akaiacha kuume,
akafika Bukoba, akatulia kuota jua.

"Meli! Meli imetia nanga!"
"Inapakia nini?" nikadaka, kabla haijaondoka.
"Ndizi!" "Kahawa!" "Senene!"
"Shangazi yangu na mabegi yake!"
Tukasimama pale hadi kengele, hakuna aliyesinzia,
na projekta ikarudi kwa mwenyewe na vumbi lake.

Sasa ni Juni. Usiku, taa ya chaji, kalamu nyekundu.
Swali la nne: *Eleza usafiri wa majini katika Kanda ya Ziwa.*
Limbu kaandika: "Meli hutoka Mwanza jioni,
hufika Bukoba asubuhi, hupumzika juani kidogo,
ikiona kivuli cha mtu hurudi ufani."

Nimecheka peke yangu mpaka mke wangu kaamka.
Mwongozo wa kusahihisha hauna jibu hili.
Nimempa tatu kati ya nne;
moja nimekata kwa ajili ya kivuli.

Lakini pembeni, ambako hakuulizwa kitu,
kachora kisanduku chenye miguu mitatu
na nyuma yake mtu, kofia pana, hana uso.
Chini yake: "Mwalimu, ni huyu?"

Kalamu iko hewani.
Hapa sijui niweke vema, au niweke nini.