Mstari Wima

Jumamosi, juu ya duka la nyavu, Kirumba,
mimi na Minza na kompyuta mbili,
moja haina kitufe cha H.
Harufu ya dagaa inapanda ngazi kutoka Mwaloni
bila kubisha hodi.
Tunaandika ukurasa wa samaki wa ziwa letu,
majina yao kwa Kisukuma, Kikerewe, Kijita.
Yeyote aje, popote alipo, aongeze analolijua,
asilipwe.

Hilo la kutolipwa tulilimudu.
Lililotushinda ni nafasi.

Bwana Bahitwa, karani mstaafu wa pamba, Nansio,
bado anaandika kama yuko kwenye taipureta.
Akitaka neno lisogee kulia
analisukuma kwa kidole gumba, nafasi, nafasi, nafasi,
kama mtu anayeshusha mtumbwi majini.
Kwenye kioo chake limenyooka.
Kwenye changu limelewa.

Minza huchota maandishi kwingine
akayabandika na vumbi lake lote:
rangi, ukubwa, alama za kunukuu
zilizojikunja kama mikia ya mijusi.
Magesa, kule Musoma, hapendi kitu kisichokolezwa.
Kila neno kwake ni herufi nene,
ukurasa mzima unapiga kelele
mpaka neno HATARI halisikiki.

Mimi nami si mtakatifu.
Mwezi Machi nilifungua mabano mawili ya mraba
nikaenda kunywa chai.

Jumanne usiku ukaja ujumbe kutoka Ukara,
kwa Mwalimu Nyanjura:
"Wanafunzi wanauliza, furu wako wapi?"

Nikafungua. Kweli.
Ningu yupo, mumi yupo, gogogo na miiba yake,
kamongo kajizika kwenye tope la safu ya mwisho.
Furu hawapo.
Mahali pao kisanduku cha sangara kimetanuka,
kimeshuka mistari kumi na mmoja,
kimelala kama aliyeshiba.

Nikacheka peke yangu,
kisha kicheko kikanikwama kooni kama mwiba.
Maana hili lilishatokea, na halikutokea kwenye jedwali.
Mama aliuza samaki Igombe;
furu aliwajua kwa rangi, kama vitenge:
huyu wa mawe, huyu wa mchanga,
huyu mwenye doa ambaye watoto humgombania.
Hakuna aliyekaa akasema, tuwafute.
Mtu alimwaga mgeni mmoja majini
akidhani anaongeza.

Nikaingia kwenye historia ya ukurasa,
hariri mia mbili na nne,
nikazivuta moja moja kama anayevuta kokoro,
takataka, takataka, kiatu, takataka.
Bando likakata, nikaazima la Minza.
Saa nane usiku na ushei nikaliona kosa:
mstari mmoja wima,
mwembamba kuliko mfupa wa dagaa,
umefutwa na mtu aliyekuwa anarekebisha tahajia.

Jina lililosimama pale
lilikuwa langu.

Nikaurudisha mstari. Furu wakarudi,
kumi na mmoja, kila mmoja na kisanduku chake,
na sangara akanywea
akawa samaki mmoja kati ya samaki.
Dirishani, mawe yalikuwa yamekaa juu ya mawe,
jeusi juu ya jeupe, mengine yamening'inia nusu,
hakuna aliyeyapanga, wala hayamwagiki.
Niliyaonea wivu.

Asubuhi ukurasa umepinda tena.
Jina la furu limesukumwa kulia,
nafasi tisa, nilizihesabu,
na chini, kwenye maelezo ya hariri, Bahitwa:
"Nimemsogeza kidogo. Alikuwa karibu mno na sangara."

Kanuni yetu ya nne inakataza hilo.
Niliiandika mwenyewe, kwa herufi nene.

Kidole kikakaa juu ya kitufe,
kikakaa,
nikafunga kompyuta
nikashuka ngazi kununua dagaa.