Pampu Nne

Baba yangu, Douwe, alilinda mtambo wa kusukuma maji
nje ya Haarlem, ambako mashamba yako chini kuliko bahari.
Ramani ilichora pampu sita. Fedha ziliishia kwenye ya nne.
"Nne zinatosha," alisema mkaguzi, akatia sahihi, akaenda zake.
Na kweli zilitosha.
Miaka thelathini zilitosha,
usiku na mchana, bila zamu ya kupumzika,
mpaka moja ikavunjika mhimili
na tatu zikaubeba mzigo wa sita.

Nayakumbuka haya Jumanne, kwenye kiti cha hospitali,
sindano mbili mkononi, damu yangu ikitoka kwenda kuoshwa
katika mashine inayolia kama mtu anayemeza.

Daktari Oosterwijk, kijana kuliko mwanangu wa mwisho,
hakuanza na chumvi, wala sukari, wala sigara.
Aliuliza: "Ulizaliwa na kilo ngapi?"
Miaka sabini na minne, na hakuna aliyewahi kuniuliza.

Kilo mbili na gramu mia.
Mkunga Wubbina alinipima kwa mizani ya viazi;
ilikuwa haina kazi, viazi havikuwepo.

Mama alinibeba mimba majira yale ya baridi na njaa.
Ngazi ya nyumba tulikwisha kuiota, kidato baada ya kidato.
Alichemsha vitunguu vya maua ya tulipu,
akachokoa kiini chenye sumu kwa ncha ya kisu,
akala akiwa amefumba macho.

Gizani, nami nilikuwa na mgao wangu.
Kilichovuka kondo kilikuwa kijiko,
na mwili mchanga ukakigawa kama mama mwenye watoto wengi:
ubongo kwanza. Kisha moyo.
Figo, ngojeni.

Zikangoja.
Lakini fundi anayefuma vichujio ana saa yake:
kwenye juma la thelathini na sita, au karibu na hapo, huweka sindano chini
hata kama nguo haijafika magotini.
Mtoto atakula, atanenepa, atarefuka,
kichujio kipya hakimzukii tena.

Haba na haba hujaza kibaba, sawa.
Kibaba changu chenyewe kilikatwa ukingo.

Sikujua. Niliteleza juu ya barafu, nikazaa watatu,
nikatunza hesabu za bodi ya maji bila kukosea senti.
Huku ndani vile vichache vikivimba kwa kazi ya wengi,
kimoja kikifa kovu, jirani yake akirithi zamu.
Presha ilipopanda, nina miaka thelathini na tisa,
waliniambia ni hasira.
Povu chooni nikadhani ni sabuni.

Mama alikufa akiamini ni kosa lake.
"Ningeuza pete mapema," alikuwa akisema.
Mama, njaa ile haikupikwa jikoni kwako.

Mwezi uliopita mjukuu wangu Fenna amejifungua Liewe:
gramu elfu moja na mia nne.
Friji yao imejaa. Safari hii si njaa, ni kondo lililodhoofu,
presha ya mama, mambo ambayo nusu yake hata madaktari hubahatisha.
Analala kwenye sanduku la kioo,
mguu wake haufiki urefu wa kidole gumba changu.
Wageni wanasema: atakua, mtaona, atawapita wote.
Atakua. Hata mimi nilikua.

Sikumletea soksi, nimemletea daftari.
Ukurasa wa kwanza: uzito, tarehe, wiki za mimba.
Wa pili: apimwe presha kila mwaka,
hata akiwa na mbio za farasi;
mkojo wake uangaliwe; asimeze dawa za maumivu ovyo ovyo.
Akiulizwa alizaliwa na kilo ngapi, ajibu.
Asipoulizwa, aseme.

Fenna alicheka kidogo, kisha akalia, kisha akauliza kwa nini.

Kila asubuhi, kabla ya kukabidhi zamu,
baba aliandika kwa chaki juu ya mlango wa mtambo: NNE.
Ili anayeingia
asidhani ni sita.