Mpira Mdomoni

Saa nane usiku, mfereji wa Dokkum umeganda,
Hylke Terpstra anagonga kioo cha zahanati kwa kiwiko
maana mikono yote miwili imembeba Bouwina,
bingwa wa Friesland mara mbili,
kilo ishirini na sita za mikunjo na mkoromo.

Nafungua. Kazi yangu ni taulo, mizani, wembe,
na kuushika mguu wa mbele mshipa unapotafutwa.

Njia anaijua. Hii ni mara ya tatu.
Buldogi hazai, huzalishwa:
kichwa cha mwana kimeushinda mlango wa mama,
na ndivyo waamuzi wakipendavyo,
kipana, kizito, kimekaa mabegani bila shingo.
Wietske ananawa hadi viwikoni. Hasemi kitu.

Naomba cheti cha nasaba. Kimo ndani ya plastiki,
kina muhuri wa dhahabu, vizazi vitano.
Nasoma huku dawa ya usingizi ikishika.
Baba: Graaf.
Baba wa mama: Graaf.
Tawi la kushoto, tawi la kulia, Graaf tena, Graaf.
Damu nzito kuliko maji, wanasema.
Hii imekuwa nzito hata haipiti.

Juu ya mizani kuna picha ya zamani,
bucha ya babu wa babu yake Wietske, na mbwa mlangoni.
Jina la mbwa huyo halikuandikwa popote.
Ana pua.
Pua ya kutosha kutupa kivuli.

"Analala na mpira mdomoni," anasema Hylke,
anauambia ukuta zaidi kuliko mimi.
"Wa tenisi. Nilidhani anacheza.
Kumbe anauuma ili mdomo usifumbe,
ukifumba tu, hewa imekwisha.
Ukimponyoka anaamka, anautafuta gizani,
nasikia kucha zake kwenye mbao.
Na mimi nina mashine yangu, barakoa na bomba,
kwa hiyo chumba kizima ni kukoroma.
Jikke amehamia juu."
Anacheka. Anacheka peke yake.

Nafikiri: kupumzika kumezaliwa na pumzi.
Bouwina ana miaka minne
na sijui kama amewahi kupumzika.

Watano.
Wa kwanza nampasulia kifuko, namsugua, analia.
Wa pili. Wa tatu, mwenye kichwa kikubwa kuliko wote.
Wa nne nilimsugua dakika ishirini,
taulo likapata joto, yeye hakupata.
Wa tano alipiga chafya.

"Sijamshona bado," anasema Wietske. "Niondoe kizazi?"

Hylke anatazama viatu vyake, vimelowa theluji.
Kuna watu wanasubiri, anasema.
Kuna mwalimu wa Sneek ameshatuma nusu ya pesa.
Kuna maonyesho mwezi wa tano.
Kisha: "Nampenda, Wietske."
"Najua. Ndiyo maana nakuuliza wewe."

Kalamu ilikuwa yangu. Iligoma mara mbili,
akaipuliza ncha, akaandika jina lake lote.

Ningependa kuishia hapo.

Lakini mwezi wa pili mtu alikuja kutoka Zwolle
kumtazama yule wa tatu mezani kwetu, siku ya chanjo.
Alitoa utepe wa kupimia mfukoni,
akauzungusha kichwani, akasoma namba, akatabasamu.
Atakuwa baba, alisema. Baba wa wengi.
Hylke alishika mkoba wa pesa kama ameshikishwa na mtu mwingine.
Jina jipya la mtoto, kwenye cheti: Graaf wa Pili.

Bouwina hazai tena. Mpira ni wa tatu sasa,
Jikke aliniambia sokoni, wa kijani, umeshatoboka.

Usiku ule nililala chali,
nikaziba tundu moja la pua kwa kidole,
la pili nusu, mdomo nikaufumba,
nikaanza kuhesabu.
Nilifika arobaini na moja.
Nikaondoa kidole.
Mimi ningeweza.