Kipimo Nilichojipimia

Miaka kumi na tisa nashona Chake Chake.
Nimepima mabega ya maharusi, viuno vya wazazi,
shingo ya hakimu mmoja asiyeacha kumeza mate.
Mifupa miwili ninayokalia
hakuna aliyewahi kuipima. Wala mimi.

Time ndiye aliyeanza. Mlima wa pili baada ya Mtambile
alishuka, akaegemeza baiskeli kwenye mkarafuu,
akasema, "Shoga, mie nakalia kisu."
Tulicheka hadi Riziki akachutama barabarani,
halafu tukanyamaza,
maana sote tulikuwa tunakalia kisu
na kila mmoja alidhani ni chake peke yake.

Tulijaribu sponji. Laini kama andazi la alfajiri,
na kama andazi, ikifika adhuhuri halina kitu:
unazama, nayo inapanda pale isipotakiwa
(mnajua, sitaandika).
Tulijaribu kanga, tukaikunja mara nne.
Kanga ilikuwa na maneno. Maneno hayakusaidia.

Fundi Makame wa Wete, mtu na heshima zake,
aliniuliza panapouma huku anatazama spoki.
Nami nikamjibu huku natazama pampu.
Akaleta kiti chembamba kama ulimi wa kenge:
"Hiki vijana wanakipenda."
Fundi, nikamwambia, mimi si kijana,
na nyonga hii imepitisha watoto wanne.

Usiku nikafunga mlango.
Nikakata boksi la biskuti, nikaliweka kwenye kidato cha saruji,
nikalikalia, nikainama mbele kama napanda mlima,
nikahesabu hadi thelathini.
Nilipoinuka palikuwa na vishimo viwili,
vidogo, kama alama za gumba kwenye unga.
Nikanyoosha futi, kati hata kati:
sentimita kumi na tatu.
Nikaandika daftarini, chini ya gauni la Mwanakombo,
jina langu na tarakimu.

Kwa tarakimu hiyo Fundi aliacha kutazama spoki.
Alishusha darini viti viwili vya ngozi.

Kimoja cha zamani, rangi ya tende.
Alikikalia mkunga wa Kiuyu, miaka na miaka,
akiitikia uchungu wa watu usiku wa manane.
Kinang'aa kama kizingiti cha msikiti.
Nilikigusa, nikakitamani, nikakipanda:
vishimo vyake vilikuwa vya mwanamke mwingine.
Upande wa kulia umezama zaidi;
labda alichechemea, labda mkoba wa dawa ulimvuta huko.
Nikamwombea rehema. Nikashuka.

Cha pili kipya. Kipana nyuma, kifupi mbele,
kimepasuliwa mfereji katikati, ribiti za shaba,
kigumu kama kibao cha mbuzi ya nazi
(na nani kati yetu hakukulia juu ya mbuzi?).
"Hiki," Fundi akasema, "leo hakikufai.
Kitakufaa baada ya kilomita mia tano."
Waliotwambia kitanda usichokilalia hujui kunguni wake
hawakusema ulale siku ngapi.

Nililipa. Bei sitaji, mume wangu anajua kusoma.

Nimekishonea kofia ya kitambaa cha mwavuli
kwa sababu ya masika. Chini nimekipaka nta ya nyuki.
Mafuta ya nazi nimekatazwa: yatakilegeza
mpaka kiwe machela.
Boksi lililobaki nimewakatia wenzangu.
Time, kumi na nne na nusu.
Riziki kapima, hataki kusema.

Ijumaa tukishasali tunaondoka Mkoani, watatu,
mikoba ubavuni, spana moja, mkate wa kumimina,
mpaka Kigomasha barabara inapokwisha.
Nimepiga hesabu usiku, nikarudia:
kisiwa kitaisha kabla ngozi haijanijua.

Basi tutafika mwisho,
tutakunywa maji,
tutageuza.