Taa ya Kiboswa

Huwaka nikipanda Kiboswa,
pale mlima unapoanza kulibana gari pumzi:
kijinjini kidogo kwenye dashibodi, manjano iliyoiva,
na nyuma nina vifaranga mia tatu
wa siku moja, sauti zao mvua juu ya mabati.

Nikiteremka Kisumu jioni, imezimika.
Nikiipeleka kwa fundi, kimya,
kama mtoto anayepona homa
mlangoni pa daktari.

Lumadede wa Kibuye alibadilisha plagi.
Nne. Za Kijapani, akaapa.
Siku tisa, ikawaka.
Agutu alinusa moshi, akasema sensa ya oksijeni;
nikauza kuku kumi na wawili wa mayai.
Ikawaka.
Jirani yangu wa kanisani, asiye na gari,
akanishauri nikaze kifuniko cha petroli.
Nilikikaza hadi kifundo kikaniuma.

Shemeji akasema: bandika utepe mweusi,
kisichoonekana hakiumi.
Nikabandika. Wiki nzima nikaendesha
nikiutazama utepe kuliko barabara.

Gari lina miaka kumi na minne,
saba ya kwao, saba ya kwangu.
Lilikuja na kitabu cha Kijapani nisichoweza kukisoma
na harufu ya mtu mwingine kwenye mkanda.
Haibridi, waliniambia, halinywi sana.
Kweli. Lakini mwenye matumbo mawili
hujui ni lipi linalomuuma.

Minayo ana karakana Nyamasaria,
nusu kontena, nusu turubai.
Alichomeka kidude chini ya usukani,
akasoma simu yake, midomo ikisogea.
"Kuna kodi hapa, mama."
"Kodi gani? Kaunti nimewalipa hadi Desemba."
Alicheka akashikilia mlango.
"Ya gari. Namba ya ugonjwa.
Injini haina neno. Ni betri kubwa, inachemka."

Hakuuliza mume wangu yuko wapi.
Aliuliza: Huwaka wapi? Saa ngapi?
Huwa umebeba nini?
Hilo la tatu
hakuna aliyewahi kuniuliza.

Akang'oa kiti cha nyuma,
akafungua kitundu cha pembeni chenye wavu
nilichodhani ni spika iliyokufa,
akaingiza vidole viwili.
Ukatoka utambi mrefu, laini, wa manjano:
manyoya ya vifaranga wa miaka mitatu,
waliokwisha kutaga, waliokwisha kuliwa,
yamesokotana na vumbi la Chavakali
kwenye koo la feni.

Ile feni ilikuwa ikifoka kila mlima.
Nami mbele naongeza redio.

Alisafisha kwa mswaki mkuukuu wa mwanawe.
Akaifuta kodi. Akanionya:
seli moja ni dhaifu, ya kumi na moja,
siku yake itafika, anza kuweka akiba.
Alitaka mia nane. Nilimpa elfu
na vifaranga sita ndani ya kofia yake.

Sasa masanduku nayapanga kushoto,
na kipande cha chandarua kinakinga kitundu;
Jumapili, kabla ya ibada, nakikung'uta.

Jana nilipanda Kiboswa na mia tatu wangu.
Haikuwaka.
Nilipunguza mwendo hata hivyo,
nikazima redio,
nikaisikiliza feni ikivuta hewa,
na nyuma yangu vifua mia tatu
vikivuta hiyohiyo.